Beseni la Mama Alexander

Mapanki ya asubuhi yalitoka kiwandani kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Pasiansi, na kama kawaida yalikuwa kichwa, uti wa mgongo na mkia wa sangara, basi. Minofu ilikwisha kukatwa usiku, ikagandishwa, ikapakiwa kwenye maboksi ya kupanda ndege kwenda Ulaya. Paskazia alichukua fungu lake getini, akalibeba hadi kibandani, akalimwaga kwenye beseni na kuanza kuosha. Kibanda cha pili, mahali pa kuombana chumvi bila kunyanyuka, Teodora naye aliosha la kwake. Alipoyageuzageuza majini, mapanki yake yakaota minofu.

Iliota polepole, kuanzia shingoni kwenda mkiani, nyama nyeupe iliyonona. Teodora aliikata vipande, akaitia chumvi, akainjika karai. Wateja walikuwa wamekwisha kupanga mstari. Walipopita mbele ya Paskazia walimsalimia vizuri, maana walikuwa watu wenye adabu, kisha wakaenda kununua kwa jirani.

Jambo hilo lilianza baada ya arobaini ya Alexander, mtoto wa pekee wa Teodora, aliyezama ziwani akimvua sangara wa kiwanda hichohicho. Kwenye jumuiya, katekista Mihayo alilieleza bila kupandisha sauti. Alisema zamani nabii mmoja alioneshwa bonde la mifupa mikavu ikivikwa nyama, kwa hiyo si jambo geni. Mama Alexander ameyaunganisha mateso yake na yale ya Bwana msalabani, na mateso yakiunganishwa hivyo huzaa. Waumini waliitikia amina, wakapangiana zamu ya kufagia kanisa.

Paskazia alirudi nyumbani roho inamuuma. Eti huzaa! Na ya kwake je? Waume zao walipunguzwa kazi siku ileile moja, kiwanda cha nguo kilipofungwa na watu wakaambiwa huo ndio uchumi wa soko huria. Lakini mume wa Teodora alikwenda zake Geita kutafuta dhahabu, na mtu aliyekwenda Geita anaweza kurudi. Wa Paskazia aligeukia ukutani mpaka akafa. Teodora alizika mtoto mmoja, tena mkubwa. Hakuzika hasa, kwa kuwa mwili haukuonekana, na hilo Paskazia alimpa kama nyongeza. Yeye mwenyewe alizika Kulwa na Doto wakiwa wachanga, halafu Gladness aliyekuwa ameanza kuandika jina lake. Kama mateso ni shamba, yeye alikuwa na ekari kwa ekari, na halijaota hata kisamvu.

Ilifika siku akashindwa kujizuia.

"Mama Alexander, huwa unafanyaje?"

"Sifanyi kitu, Mama Gladness. Nikiyaosha namkumbuka mwanangu alivyokuwa anapenda mnofu. Basi."

Alijibu kwa upole, na upole huo ulimkera Paskazia kuliko minofu yenyewe.

Kesho yake aliosha mapanki akimkumbuka Gladness, alivyokuwa akilia miiba ikimkwama kooni. Mifupa ilibaki mifupa. Akafunga Ijumaa. Akasali rozari akiwa amepiga magoti kwenye changarawe. Mafuta ya moto yalipomrukia mkononi hakuuondoa upesi, akamtolea Bwana kidonda hicho pamoja na vingine vyote. Kidonda kikatunga usaha. Beseni halikutunga kitu.

Kila jioni Teodora alimletea sahani ya minofu iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Paskazia alikula yote, kwa kuwa njaa haichagui, akairudisha sahani imeoshwa vizuri, kisha akalala na kijicho chake.

Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Paskazia hakutaka kuisafiria nyota ya Teodora, alitaka tu izimwe. Jumatatu alijifunga kanga vizuri, akaenda getini na kumwambia msimamizi wa kiwanda kwamba kuna mtu pale nje anauza minofu yao.

Msimamizi alikuja na kisu na mzani. Aliyatazama mapanki yakiota mpaka yakamaliza, naye akakereka, kama mtu aliyekuta maji yakivuja. Alieleza bila ukali kwamba kiwanda kiliuza mifupa, hakikuuza minofu. Basi minofu hii ni ya kiwanda, imechelewa tu kutoka. Teodora aliitikia, "Haya, baba," akamsogezea beseni. Msimamizi akakata, akapima, akaondoka na minofu, akamwachia mifupa aliyokuwa ameinunua.

Baadaye uongozi uliona ni usumbufu kumfuata nje kila siku. Teodora akapewa buti, aproni nyeupe na kibarua cha kutwa ndani ya chumba cha barafu. Mifupa ilimiminwa mbele yake, ikaota, ikakatwa, ikarudishwa, ikaota tena. Jioni alitoka vidole vimevimba havikunjiki. Zamani alimkumbuka mwanawe kwa nafasi yake. Sasa kila alipomkumbuka, kisu kilikuwa kimekwisha kunolewa.

Watoto wa Pasiansi walirudi kufyonza miiba, na wateja wakarudi kwa Paskazia. Alifurahi kwa muda wa karai moja. Kwenye jumuiya Mihayo aliomba wote wamkumbuke Mama Alexander, ambaye msalaba wake umeongezeka uzito, na watu wakainamisha vichwa kwa heshima. Paskazia aliinamisha cha kwake na moyo ukamchoma. Hata kwa hilo alikuwa amezidiwa, tena kwa msalaba aliouongezea uzito yeye mwenyewe.

Jumapili iliyofuata, katika matangazo, ilisomwa kwamba misa hiyo inawaombea marehemu Gladness, Kulwa na Doto, kwa nia iliyotolewa na Mama Alexander. Teodora alikuwa ameketi benchi la mbele, mikono yake iliyovimba mapajani, na hakugeuka nyuma. Kwa miaka Paskazia hakuwa amesikia majina ya wanawe yakitamkwa kwa sauti. Alilia. Kilikuwa kilio cha kawaida tu, na hakumtolea mtu yeyote.

Asubuhi ya Jumatatu alimwaga mapanki, akaosha. Yakaota.

Yaliota kama ya Teodora, kuanzia shingoni kwenda mkiani. Paskazia alikishika kipande kimoja. Kilikuwa laini, hakina mwiba hata mmoja, cha kumpa mtoto bila hofu. Basi na yeye Bwana alikuwa amemwona. Alikaa hivyo amekishika, akatamani kuwaita watoto wanaookota miiba wale kwanza. Lakini siku hizi msimamizi alikagua mabeseni yote kila asubuhi, na alikuwa tayari amesimama kibandani.

"Kumbe na wewe, mama," alisema, akachuchumaa na kisu chake.

Paskazia alimwachia beseni. Hoja aliijua, maana yeye ndiye aliyeileta. Aliitazama minofu ikishuka kwenye mzani kipande kwa kipande, na cha mkononi akakitoa pia. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Baba, ya Mama Alexander, siku ile ya kwanza, ilikuwa na uzito gani?"

Msimamizi alikumbuka, kwa kuwa kukumbuka ndiyo kazi yake.

"Hivihivi. Mmelingana."

Ndege ya kubeba minofu ilikuwa bado haijatua, kwa hiyo nafasi ilikuwapo. Paskazia alijifuta mikono kwenye kanga, akaunyanyua mzani na minofu yake, akauweka pale ambapo ardhi haikuinama.

"Pima tena," alisema.

Msimamizi akapima tena.