Bibi wa Kitabuni

Kitendawili! Usinikodolee macho tu, wewe unayesikiliza, sema tega. Unacho tangu siku uliyozaliwa, majirani wanakiona kila wakitaka, na wewe mwenyewe hujakiona hata siku moja. Haya, fikiri. Ukishindwa nitakudai mji, na mji mkavu sipokei: ukinipa Newala, nipe na maji yake.

Hicho ndicho Bibi Sikuzani wa Chilangala alichowategea wasichana wawili, mjukuu wake Faidha na Flora, mwenzake wa shule, mchana wa likizo, korosho zikiwa zinakaangwa uani.

"Kisogo," akajibu Flora bila hata kuinua kichwa. "Bibi naye! Hicho cha darasa la pili."

"Basi wewe ni msomi. Bangua."

Kazi ilikuwa imekolea. Mwanaisha, binti mkubwa wa Bibi, alikuwa mekoni anageuza korosho kwenye bati lililotobolewa matundu, moshi unamtoa machozi. Bibi, Flora na jirani yao Mama Yunusi walikaa kwenye jamvi wanagonga maganda, mikono imepakwa majivu ili utomvu usiwaunguze. Faidha peke yake alikuwa na mikono safi. Yeye alikuwa anawasomea riwaya, na msomaji hapaki majivu, atachafua kitabu cha watu.

Kitabu kilitoka Masasi, shuleni kwao, kwenye klabu ya wasomaji. Shule ikifunguliwa, kila msichana atasimama mbele ya wenzake aseme nani mwenye kosa katika hadithi na kwa nini. Ilikuwa hadithi ya siri. Binti mmoja wa mjini amelelewa na bibi yake, anaambiwa mama yake alikufa, kumbe mama ni yule fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anayemshonea sare kila mwaka. Mwisho bibi anaumbuka, mjukuu anahama, na bibi anakufa peke yake chumbani mvua ikinyesha.

Tangu sura ya kwanza Bibi Sikuzani alikuwa anakisikiliza kitabu hicho kama mtu aliyekalia mwiba. Maana Faidha, aliyemwita Mwanaisha mama, hakuzaliwa na Mwanaisha. Alizaliwa na Pili, mdogo wake Mwanaisha, yule Mama Mdogo anayeuza vitenge Mkomaindo, kule Masasi, na kumletea Faidha nguo kila Idi. Watu wazima wote wa Chilangala walilijua hilo. Faidha hakulijua. Na Bibi alikuwa amemwahidi Pili kwamba neno hilo halitatoka mpaka Pili mwenyewe apate moyo wa kulisema. Moyo huo ulikuwa bado uko njiani.

Faidha akafunga kitabu. "Mwisho. Haya, nani mwenye kosa?"

"Mtunzi!" akafoka Mama Yunusi. "Mtu anakufa hana hata jirani wa kumtekea maji? Hakuna matanga, hakuna ubani? Huyo mtunzi kazaliwa wapi, kwenye pango?"

"Na siri yenyewe mbovu," Flora akasema. "Mimi fundi nilimshuku alipopima sare tu. Kapima huku analia, nani asijue?"

"Tena inafichwaje?" Mama Yunusi hakuwa amemaliza. "Mimba ni sindano? Mtaa mzima umeona tumbo, mkunga kaona, aliyechemsha maji kaona. Siri gani hiyo ya mtu mmoja? Siri ni ile wanayoijua wote isipokuwa mwenye—"

Mwanaisha akakohoa mekoni. Mama Yunusi akakumbuka yuko uani kwa nani, akashika ganda akaligonga mpaka korosho ikawa unga.

"Mimi nasema mwenye kosa ni bibi," Faidha akasema. "Nitasimama niseme hivyo. Mwongo na katili. Amemla mtoto wa watu maisha yake yote. Ningekuwa mimi, hata maziko yake nisingekwenda."

"Mimi ningekwenda," Flora akadakia, "nihakikishe kafukiwa vizuri."

Wasichana wakacheka. Bibi Sikuzani hakucheka.

"Hebu komeni! Mnamcheka nani? Mtu mzima kabeba aibu ya mtoto wake mgongoni, mnamwita katili! Nyinyi mnadhani ilikuwa rahisi?"

"Bibi, ni kitabu tu."

"Kitabu tu! Kitabu kinamtukana mwanamke mzima, halafu mnakwenda kumsimamishia baraza huko Masasi, wala hayupo ajitetee! Nitamtetea mimi. Binti kabeba mimba hata unyago hajachezwa. Sasa ungemfanyaje? Wenzake wangemtungia nyimbo mpaka leo. Na dada yake yuko pale, kakaa kwenye ndoa hajajaliwa hata mmoja. Mtoto akalia, nikampakata, nikampa dada mtu. Mama mkubwa si mama? Kwetu mama mkubwa ni mama! Nani kaongopewa hapo? Nani kaibiwa?"

Alipumua kwa nguvu. Majivu yalikuwa yamemruka mpaka kwenye nyusi.

Faidha alifungua kitabu, akarudi nyuma, akapekua sura moja, akapekua nyingine, kidole kinafuata mistari.

"Bibi," akasema polepole, "humu hamna unyago."

Mama Yunusi akaacha kugonga maganda.

"Wala hamna dada. Fundi alizaliwa peke yake, imeandikwa. Bibi, hiyo uliyomtetea ni hadithi gani?"

Mama Yunusi akasimama, akakung'uta kanga. "Jamani, mbuzi wangu nimemfunga kwenye mihogo." Akaondoka mbio, na kijiji chote kinajua kwamba Mama Yunusi hafugi mbuzi. Flora naye akavaa ndala za kwanza alizozikuta mlangoni, mojawapo si yake, akamfuata.

Korosho zikaanza kuungua. Mwanaisha alikuwa amesimama na ufito mkononi, hageuzi.

"Kisogo," Faidha akasema. Alikuwa amekasirika mpaka pua zimemtuna. "Wote wanakiona isipokuwa mimi. Mama Yunusi anajua. Mbuzi wake asiyekuwepo anajua! Na mimi nimekaa hapa nawasomea kwa sauti, nasema katili, nasema sitamzika, nanyi mnanitazama! Sijali kuzaliwa na nani, Bibi. Nakasirika kuwa wa mwisho. Haya sema. Nani alinizaa?"

Bibi Sikuzani akamtazama Mwanaisha. Ahadi ilikuwa ya Pili, lakini mtoto alikuwa amelelewa kifuani pa huyu.

Mwanaisha akaliondoa bati motoni. "Mjibu, mama," akasema. "Tangu aje na kitabu hiki mimi silali. Mjibu tu."

"Nipe mji," Bibi akamwambia Faidha.

"Bibi! Mimi sifanyi mchezo!"

"Wala mimi sifanyi, mke mwenzangu. Neno hili nimelikalia muda mrefu, nimesahau mlango wake. Mdomo wangu unajua njia moja tu. Nipe mji nikujibu."

Faidha alikiweka kitabu mapajani. Macho yake yalikwenda kwa Mwanaisha, yakakaa hapo; kisha yakashuka kwenye kitenge alichojifunga yeye mwenyewe, chenye maua mekundu, kilicholetwa Idi iliyopita na mtu aliyemtazama akikivaa halafu akatoka nje ghafla, akasema vumbi limemwingia machoni.

"Chukua Mkomaindo," akasema.

Bibi akafuta majivu usoni kwa kiganja, akayazidisha.

"Nimeupokea Mkomaindo. Nimefika, nikapiga hodi kwa Pili muuza vitenge, akaniambia shikamoo mama, akanipa maji nikanywa. Nikamwuliza, mwanangu, na mtoto wako yuko wapi? Akaniambia, yuko Chilangala kwa dada, anasoma kitabu."