Redio ya Zizini

Kwa miezi minne Muchangi alihangaika kuchagua spika, amplifaya na mtandao wa kumletea muziki usiopunguzwa hata chembe ya sauti. Siku fundi alipomaliza kufunga nyaya sebuleni, Muchangi aliitupa redio kuukuu ya zizini. Mikwaruzo yake ilimkera.

Kesho yake ng'ombe alikataa kuachilia maziwa. Ruguru, mkewe, alimkanda kiwele hadi viganja vikamuuma.

"Baba Purity, miaka sita huyu anakamuliwa ile redio ikilia," alisema.

Muchangi hakuwa tayari kushindwa na ng'ombe. Alivuta waya, akaleta spika moja zizini na kumwekea kwaya, sauti safi kama maji ya mlimani. Ng'ombe aliipiga ndoo teke.

Akiwa amechoka, Muchangi alienda kuitoa redio kwenye shimo la taka, akaipangusa majivu, akaiwasha. Ikakwaruza. Muda si muda maziwa yakaanza kuchirizika ndooni.

Ruguru aliegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akafumba macho.

"Hata mimi niliikosa," alisema. "Ni vile tu mimi siwezi kugoma."