Wakazi wa Namitole

Jumamosi ya pili ya Machi mwaka 2007, saa nne asubuhi, Mwalimu Helena Sanga alikuwa kwenye kompyuta namba tatu ya intaneti kafe moja mjini Mtwara, akiutoa mto Ruvuma katika Ziwa Nyasa. Mtu fulani alikuwa ameumwaga humo kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na yeyote mwenye nia na kurekebishwa na yeyote mwenye hasira. Helena hasira alikuwa nazo. Alifundisha jiografia sekondari, alihamia kutoka Njombe miaka tisa nyuma, na kosa la jiografia lilimwasha kama upupu. Aliurudisha mto kwenye Bahari ya Hindi, akataja kitabu na ukurasa, akahifadhi.

Pembeni yake, mtoto kifuani, alikaa Saida, aliyemletea makopa ya muhogo kila Jumamosi. Alikalia kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, ambacho mwenye kafe alikuwa amekataza watu wasikikalie. Kilimhimili vizuri tu, kwa kuwa Saida hakuwa na uzito. Hakuwa nao tangu katikati ya Februari, yeye na kijiji chake chote cha Namitole, kule bondeni, mbele ya Kitaya.

Waligundulia kliniki. Nesi Agnes alimning'iniza Salma, mtoto wa Saida wa miezi minane, kwenye mizani, mshale ukabaki kwenye sifuri. Akaning'iniza mfuko wa mchele, mshale ukaenda. Akamrudisha Salma, sifuri.

"Mizani nzima," alisema Agnes. "Wenye kasoro ni nyie." Akaandika 0 kwenye kadi, akaita mwingine.

Watu wa Namitole hawakulifanya kuwa jambo kubwa. Upepo ukivuma, wanawake walifunga mawe kwenye pindo la kanga na wanaume wakayatia mifukoni. Wenye baiskeli walifurahi kuwapakia. Ila walikanyaga matope bila kuacha unyayo, na hilo liliwaudhi, maana mtu hakuweza tena kujua mwenzake ameelekea wapi.

"Mwalimu," Saida alisema, "hebu tazama na kwetu. Tumeandikwaje?"

Helena akatafuta. Makala ilikuwa ya mistari miwili. *Namitole ni kijiji kilichohamwa katika bonde la Ruvuma. Wakazi: 0.* Chini yake kilitajwa chanzo, kitabu cha Mradi wa Maji Bondeni cha mwaka 2004, ukurasa wa 31. Makala yenyewe ilianzishwa tarehe 14 Februari.

"Tarehe kumi na nne ndiyo siku ya kliniki," alisema Saida.

"Basi sababu ndiyo hii," alisema Helena.

Kosa lilianza hivi. Karani wa mradi alifika Namitole siku ambayo kijiji kizima kilikuwa kwa jirani kwenye ngoma ya kuwatoa wali, wasichana waliomaliza unyago. Ngoma ile haendi mmoja wakabaki wengine. Hata mgonjwa hubebwa. Na watu wa Namitole, nyumba ikibaki tupu, hulaza mchi kizingitini, ili mpita njia ajue wenyewe wanarudi na jioni watatwanga. Karani alitoka mbali. Kwao mchi ukilazwa mlangoni, mwenye nyumba amekufa au amehama. Akahesabu michi themanini na mitatu, akasikitika, akaandika sifuri. Hakuwa mtu mbaya. Ila kuuliza kijiji cha jirani, ambako ngoma ilisikika waziwazi, kungempunguzia nini?

Sifuri ile ingelala kitabuni bila kumsumbua mtu, kama si kisima. Mradi ulikuwa unakuja kuchimba visima, na mtambo ungepita Juni. Namitole waliteka maji mtoni, na mtoni kuna mamba. Miaka mitatu mfululizo mamba alikuwa amechukua mbuzi, halafu mbwa, halafu mkono wa Omari, mvuvi, ambaye sasa alivua kwa mmoja.

"Nihesabie," alisema Helena.

Saida akahesabu kwa vidole, nyumba moja baada ya nyingine, kwa majina, akianzia kwa mama yake, Bibi Fatuma, na kumalizia kwa pacha waliozaliwa juzi. Walifika mia nne na kumi na wawili. Helena akafuta *kilichohamwa*, akaandika 412, akahifadhi.

Kiti kikavunjika papo hapo. Saida akaanguka chali na Salma kifuani, na mtoto alikuwa mzito kweli, kilo nane na ushei. Saida akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mwenye kafe akasema kiti kitalipwa.

Namitole nako, watu walizama matopeni mpaka vifundoni wakafurahi. Vigoda vililia. Bibi Fatuma alipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, akalazimika kupumzika mara mbili njiani. Saa tisa alasiri uzito ukaondoka. Saida alikuwa nyuma ya baiskeli, kwenye mlima wa kuelekea kwao, na mwenye baiskeli alihisi mlima umekuwa tambarare. "Mama Salma," alisema bila kugeuka, "wamekufuta tena."

Aliyefuta alikuwa Kasiani, mzee mstaafu wa Songea aliyesimamia makala za kusini kwa kujitolea, bila kumkaripia mtu. Aliandika: "Ndugu Helena, shukrani kwa juhudi zako. Idadi ya 412 haina chanzo. Tafadhali lete kitu kilichochapishwa."

Helena alipokuwa darasani alisema vivyo hivyo kwa wanafunzi wake kila siku, kwa hiyo alishindwa hata kumtukana.

Aprili alikwenda Namitole mwenyewe. Aliingia kila nyumba na daftari, akapiga picha. Bibi Fatuma alimpokea kwenye kigoda, jiwe limefungwa kila pindo la kanga.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyetupa zile saa tano?"

"Ndiye mimi."

"Siku ile nilichoka," alisema Bibi Fatuma, na uso wake ukang'aa. "Wee! Nilichoka kama watu. Nikalala usingizi mzuri. Turudishie, mwanangu. Na hicho kisima, sikitaki kwa ajili yangu. Miye mtoni ninakwenda toka usichana, mamba ananijua. Namwogopea Saida, yeye hutazama mbele tu, hatazami maji."

Helena aliapa mbele yake kwamba atarudisha. Aliapa vibaya, na alijua wakati uleule.

Aliporudi aliituma orodha ile mtandaoni, na Kasiani akajibu baada ya siku mbili: "Nimesoma orodha yako yote, jina kwa jina. Nakuamini. Lakini ulichojionea mwenyewe si chanzo. Tukikubali macho ya kila mtu, kesho mwingine atasema ameona bahari Dodoma." Helena akalia pale pale kompyuta namba tatu, kwa sababu mzee alikuwa na haki, na kijiji nacho kilikuwa na haki, na haki mbili zile hazikuwa na pa kukutania.

Alikwenda kwa mwandishi wa gazeti la mkoa. Mwandishi alimsikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo ni kijiji chenye watu?"

"Mia nne na kumi na wawili."

"Mwalimu, kijiji chenye watu si habari. Kingekuwa hakina watu ningekwenda leo."

Akamfuata Goodluck, mhandisi wa mradi, kijana mchapakazi aliyevaa buti mpaka ofisini. Goodluck aliufungua ukurasa wa 31, akafungua na kamusi elezo ili ahakikishe, akageuza kioo cha kompyuta Helena aone. Vyote viwili vilikubaliana.

"Lakini kamusi imenakili kitabu chenu!" alisema Helena.

"Ndiyo maana vinakubaliana," alisema Goodluck. Kisha kwa upole: "Siwezi kuchimbia sifuri kisima. Kanuni ni watu mia mbili na hamsini. Niletee hata karatasi moja iliyochapishwa."

Saida alikuwa amekuja pia. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa sababu ya feni. Goodluck alimwona, akainuka akaizima.

Jumanne moja ya mwanzo wa Juni, asubuhi, Salma alikuwa na homa, kwa hiyo aliyekwenda mtoni hakuwa Saida. Alikuwa Bibi Fatuma, na mamba akamchukua. Kamusi elezo ilisema kijiji hakina mtu. Mamba hakuuliza chanzo. Omari na wenzake walimfukuza mamba kwa mapondo ya mitumbwi, wakampata bibi akiwa amekwisha kufa. Alizikwa alasiri ileile. Kwa kuwa hakuwa na uzito, watu wawili wangeweza kumbeba kwa vidole viwili viwili, lakini walimbeba kumi na sita, kwa zamu, polepole, kama inavyotakiwa.

Mwandishi alifika kesho yake, na Alhamisi gazeti likatoka. *Mamba aua bibi wa Namitole.* Jina kamili, umri wa miaka sabini na moja, mkazi wa kijiji hicho.

Helena aliupeleka ukurasa mtandaoni. Kasiani alijibu ndani ya saa moja. Alitoa rambirambi ndefu, ya mtu aliyewahi kuzika mama. Halafu akarekebisha makala mwenyewe, kwa uangalifu, na chanzo chini yake: *Wakazi: 1.*

"Mwingine yeyote akichapishwa," aliandika, "nitamwongeza siku hiyohiyo."

Mtambo wa kuchimba ulipita wiki ya tatu ya Juni. Goodluck alisimamisha gari Namitole, akashuka na kusalimia kila mtu kwa mkono. Alisema ameona badiliko, na kwamba mmoja hafiki mia mbili na hamsini, hata angekuwa hai. Alisema anasikitika, na alisikitika kweli, maana hakula siku ile. Kisima kilichimbwa kijiji cha mbele.

Mizani ya kliniki haijabadilika. Salma amejifunza kutembea na jiwe dogo kila mfuko. Helena bado anasahihisha kila Jumamosi, na kila mwisho wa mwezi huandika 412, na kila mara Kasiani hurudisha 1, nao huulizana hali.

Kilichobadilika ni mahali pamoja tu. Alhamisi ile gazeti lilipotoka, nyayo za Bibi Fatuma zilitokea kwenye matope ya kuteremkia mtoni, za kina, za mtu mzima mwenye ndoo tupu. Ni kumi na tisa, zote zinashuka. Mvua hazizifuti. Asubuhi Saida akienda kuteka maji hukanyaga humohumo, moja baada ya nyingine, kwa sababu pembeni panateleza. Akifika ya kumi na tisa husimama, akayatazama maji kwanza.