Chujio la Baba Mdogo

Kuluthumu hakuwa mtu wa kujiapiza, lakini siku ile alijiapiza mbele ya ukoo mzima. Kiwanda cha kukamua alizeti alichokiacha marehemu baba yake, pale Singida mjini, kilikuwa kinazama kwenye barua pepe taka: bahati nasibu za uongo, dawa za nguvu, mirathi ya wafalme wasiojulikana. Kiwanda kizima kilikuwa na sanduku moja tu la barua, na halikufunguka bila uchafu kumwagika. Binamu yake Amri alitaka programu ya kuzichuja, chujio la kulipia, lile linalokuja limeshaiva, wewe unalipa kila mwaka na kulala usingizi. Kuluthumu akataka chujio huria, la bure, ambalo hufundishwa na wenye ofisi wenyewe. Ukitupa barua kwenye taka, linakumbuka. Ukiitoa huko, linakumbuka vilevile.

"Likituangusha, kiti cha ofisi achukue Amri," alisema.

Na kiti chenyewe, alichokikalia sasa kama msimamizi wa ofisi, ndicho urithi pekee aliobaki nao wa baba yake. Baba mdogo Abdulkadiri, aliyemlea tangu awe yatima na ndiye mkuu wa kiwanda, akaitikia kwa kichwa.

Mwanzoni mambo yalikuwa raha mustarehe. Kisha, msimu ukiwa umekolea na magunia ya alizeti kutoka vijiji vya Ilongero na Mtinko yamejaa hadi barazani, oda zikakatika. Kuluthumu akampigia Melkizedeki wa Arusha, mnunuzi wao mkubwa.

"Dada, nimewaandikia hadi nimechoka," Melkizedeki akasema. "Nimeshachukua mafuta Dodoma. Na mwakani nimefunga nao hukohuko."

Kuluthumu akazikuta barua zake zote kwenye folda ya taka, zimelala pamoja na wale wafalme. Amri alikuja tu akakikalia kile kiti, akakizungusha kidogo, akaondoka zake akipiga mluzi. Hana haya yule, hakuwahi kuwa nayo.

Asubuhi ya kikao cha ukoo cha kuamua habari ya kiti, Kuluthumu alipeleka chai ofisini kwa mzee.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, nawajibu watu."

Mzee alikuwa amefungua folda ya taka. Kila barua iliyoanza na Assalaam alaykum aliitoa, akairudisha kwenye folda ya barua njema, akaijibu kwa kidole kimoja: Waalaykum salaam, sisi wazima. Tapeli, mganga, muuza viwanja hewa, wote walijibiwa, maana salamu ya mtu haiachwi ikining'inia. Alipomaliza akageukia barua njema. Mteja mmoja alikuwa ameandika tu, "Mashudu yapo? Jibu leo." Mzee akaguna, akaitupa kwenye taka.

"Mtu hana hata salamu. Kama hii si takataka, ni nini?"

"Na zile za Melkizedeki, baba mdogo?"

"Yule? Yule ndiye hakufunzwa kwao kabisa."

Kuluthumu akaiweka chai mezani. Kumbe chujio halikukosea hata kidogo. Lilifundishwa kila asubuhi, na lilishika somo.

Kikaoni aliyasema yote, kwa adabu, macho chini. Baba mdogo alimtazama kama vile amempiga kofi.

"Kwa hiyo kosa langu ni kuitikia salamu za watu?"

Nani pale angemjibu ndiyo? Wote walijua ukweli, nakwambia, na wote walikula kwa huyo mzee. Shangazi Rukaiya akasema, "Kuluthumu, mwombe radhi baba yako mdogo." Akaomba. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba aliomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe, na kiti bado kikaenda. Amri aliwapigia wauzaji wa chujio la kulipia hapohapo, watu hata hawajainuka.

Jioni Kuluthumu alibeba picha ya baba yake na kikombe chake mwenyewe cha chai. Baba mdogo alikuwa amekaa barazani, kati ya magunia. Tangu apate akili, Kuluthumu hakuwahi kumpita yule mzee bila kumwamkia. Siku hiyo alimpita.

"Kulu," mzee akaita, sauti imepwaya. "Hata salamu, mwanangu?"

Kuluthumu alikuwa ameshafika getini. Akasimama, hakugeuka.

"Nitupe kwenye taka, baba mdogo," akasema, akatoka.