Mtu wa Kushika Karatasi

Mwaka uliotangulia Michelle alikuwa ameanguka akishuka mlima kwa skii za kutelezea thelujini, akavunjika paja mahali pawili na kano za goti zikakatika. Daktari aliyemtia vyuma alikuja kumwona siku ya tatu. Mama yake, Milcah, alijiweka sawa kitini, tayari kumsikia mtu mzima mwenzake akimkanya mtoto. Daktari aliuangalia mguu, akauliza, "Unataka kurudi mlimani lini?"

Hakuuliza kama anataka kurudi. Aliuliza lini.

Milcah aliisimulia habari hiyo kanisani, kazini kwake kwenye makao ya wazee, na kwa simu hadi Meru. Kila mara alimalizia kwa maneno yaleyale: "Na huyo ndiye aliyesoma!" Mumewe, Josiah Mugambi, alikuwa mtu wa kukaa na jambo muda mrefu kabla ya kulitolea hukumu, na mengine alikaa nayo hadi watu wakasahau kwamba walimwuliza.

Mazoezi ya kuutia mguu nguvu yalichukua miezi kumi na mmoja. Halafu, Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, Michelle alifika nyumbani kwa wazazi wake Rissne, kitongoji cha jiji huko Uswidi, na karatasi moja, akamngoja mama yake aende kuoga.

"Baba, nahitaji mtu wa kunishikia hii."

Karatasi ilikuwa na majina ya watu wanne, njia watakayopita Jumamosi, rangi za makoti yao na vifaa watakavyobeba. Chini kabisa palikuwa na saa, imepigiwa mistari miwili.

"Kijijini tutashuka saa kumi na moja jioni," alisema Michelle. Aliyasema yote kwa Kiswidi, isipokuwa neno Baba. "Upande ule wa mlima simu hazishiki. Nimeongeza saa mbili kwa ajili ya matatizo. Kwa hiyo ikifika saa moja sijakupigia, unawapigia waokoaji na kuwasomea hii."

"Matatizo nayo yamepangiwa muda?"

"Ndiyo. Kabla ya saa moja hupigi. Baada ya saa moja hungoji. Ukiwaita mapema, wanatoka gizani na upepo ule kumtafuta mtu anayekunywa chai njiani. Wao pia wana watoto."

Josiah alielewa. Alikuwa ameendesha treni za chini ya ardhi miaka kumi na minane, na alijua kwamba breki ya dharura ikivutwa bila sababu, wanaoumia ni wale waliokuwa wamesimama salama.

"Kwa nini usimpe mama yako?"

"Mama angewapigia nikiwa bado sijavaa viatu."

Josiah akaikunja karatasi, akaitia katika mfuko wa shati. "Saa moja," alisema. Michelle akamshika bega, akaondoka kabla maji ya bafuni hayajafungwa. Usiku huo Josiah alimweleza mkewe yote, kwa kuwa nyumba yao haikuwa na desturi ya siri. Milcah hakulala.

Jumamosi asubuhi Milcah alituma ujumbe kwenye kundi la akina mama wa maombi: *Mniombee Michelle, leo yuko mlimani.* Ujumbe wenyewe haukuwa na kosa lolote. Lakini kila aliyeupeleka mbele aliuongezea chumvi kidogo kwa upendo. Ulipofika kitongoji cha Hjulsta ulisema Michelle yuko mlimani na simu yake haipatikani. Ulipofika Fittja ulisema hajulikani aliko, na baba yake amekaa na karatasi.

Saa kumi alasiri kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Clement, mwenyekiti wa umoja wao wa kusaidiana wakati wa shida na misiba, amevaa koti jeusi refu la mazishini.

"Baba Michelle, jipe moyo," alisema, akamkumbatia Josiah muda mrefu kupita kiasi.

"Clement, hajachelewa."

"Ndivyo inavyoanza. Mtu hukataa kwanza."

Nyuma yake aliingia Achola, katibu, na chupa mbili za chai, daftari na sufuria ya nyama iliyofungwa kwa shuka. Wakafuata wengine. Hakuna aliyekuja mikono mitupu, kwa kuwa kwenda mikono mitupu kwenye nyumba yenye msiba ni aibu, na aibu hiyo haingoji msiba uthibitishwe. Kufikia saa kumi na moja sebule ilikuwa na watu kumi na mmoja na chapati za watu arubaini. Theluji iliyoyeyuka mchana ilikuwa imeanza kuganda tena, na kila aliyeingia alieleza jinsi gari lake lilivyoteleza njiani.

"Barabara ni kioo kitupu," alisema mmoja. "Pale daraja la Fittja nilimwita Yesu kwa sauti."

"Na bado mtu anapanda mlima kutafuta barafu!" Clement alijibu. Wote wakatikisa vichwa.

Saa kumi na moja ikapita. Simu ya Josiah ilikuwa mezani, kioo juu, naye akaiangalia kama anavyoiangalia taa nyekundu ndani ya handaki: bila hasira, bila kupepesa. Ukweli ni kwamba alitamani kupiga tangu saa tisa. Alikuwa ameuona mguu ule katika picha ya hospitali, mfupa umevunjika kama chaki, na picha hiyo ilikuwa inamrudia kila akipepesa, ndiyo maana hakupepesa.

Saa kumi na mbili kasoro robo simu ikalia. Chumba kizima kikasimama. Ilikuwa ya Achola.

"Ni Okech," alisema Achola baada ya kusikiliza. "Yuko hapo chini kwenye maegesho. Alikuwa analeta viti. Ameteleza, ameangukia mkono."

Wanaume watatu walishuka wakishikana viuno. Mzee Okech walimkuta ameketi juu ya kiti kimojawapo, pale pale kwenye barafu, amekumbatia mkono uliopinda mahali pasipo na kiungo. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na skii hajawahi kuzigusa. "Nipelekeeni pole kwa Mama Michelle," alisema wakimwingiza kwenye teksi ya kwenda hospitali.

Kikao cha umoja kikaendelea. Achola aliandika *Okech, udhuru*.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini Clement alisimama. "Wenzangu, tutakaa tunakula mpaka lini? Mimi napiga." Akapiga namba ya dharura mwenyewe na kuweka sauti wasikie wote. Mwanamke wa upande wa pili aliuliza kwa upole: mlima gani? Njia gani? Walikuwa wangapi? Wanatarajiwa kushuka saa ngapi?

Clement akamgeukia Josiah, kiganja wazi. "Karatasi, Baba Michelle."

"Bado dakika arubaini."

"Saa ni za Wazungu. Mtoto ni wetu!"

"Ni mtoto wangu," alisema Josiah taratibu, "na saa aliiweka yeye."

Clement akamwambia mwanamke yule kwamba watapiga tena, akakata. Milcah akatoka jikoni akifuta mikono, ingawa haikuwa na maji. Akasimama mbele ya mumewe.

"Josiah. Mpe."

"Nilimwahidi."

"Na mimi niliyemzaa, uliniahidi nini?"

Mkono wa Josiah ulipanda wenyewe hadi kwenye mfuko wa shati na kukaa pale juu ya karatasi. Aliwaza: nikipiga sasa na ni mzima, atarudi mlimani bila kumwachia mtu yeyote karatasi. Nisipopiga na si mzima, watu hawa kumi watanitazama hivi mpaka nife. La pili lilikuwa zito zaidi. La kwanza ndilo lililokuwa la kweli.

"Keti nami, Mama Michelle," alisema. "Zimebaki dakika thelathini na tano."

Hakuketi. Lakini hakuondoka pia.

Saa moja kamili Josiah alipiga. Alisoma kwa sauti ileile aliyotumia kwenye redio ya treni: majina manne, njia, koti jekundu, koti la buluu, vifaa. Hakukosea neno. Kiganja chake kiliacha alama ya jasho mezani. Yule wa upande wa pili akamwambia asubiri, anamwunganisha na polisi wanaowatuma waokoaji.

Akiwa anasubiri, simu ya Milcah ikalia.

"Mama? Baba simu yake inatumika!"

"Michelle!" Milcah alipiga kelele hata chupa ya chai ikaanguka. "Uko wapi? Umevunjika wapi?"

"Mimi mzima. Filip ameumia goti, tumemkokota kwenye blanketi na skii mpaka chini. Ndiyo maana tumechelewa. Gari la wagonjwa limeshamchukua. Mama, Baba amepiga?"

"Yuko nao kwenye simu sasa hivi."

"Sasa hivi? Hakupiga kabla?"

"Saa moja na dakika tatu hii," alisema Milcah, na uchungu wote wa mchana ule ulikuwa ndani ya maneno hayo. "Tumembembeleza kama mtoto. Amekataa."

Michelle akapiga kite kifupi, cha kucheka au kulia, Milcah hakujua. "Nipe Baba."

Josiah aliwaambia polisi kwamba wote wanne wamepatikana. Wakamshukuru. Akachukua simu ya mkewe.

"Baba."

"Naam."

"Kesho tunapanda tena, sisi watatu. Mlima mdogo. Utashika karatasi? Nitakutumia picha."

Watu kumi walikuwa wanamsikiliza. Milcah alikuwa anamtazama mdomo.

"Saa ngapi?" aliuliza Josiah.

Baada ya hapo Clement alitangaza kwamba Mungu ni mwema, kisha akabaki amesimama katikati ya sebule kama mtu aliyeshukia kituo kisicho chake. Chakula kilikuwepo, maombi yalikuwa yamepangwa, na mgonjwa hakuwepo. Achola ndiye aliyemwokoa. Alikata jina la Michelle kwenye daftari, akaandika Okech juu yake. Wote wakavaa makoti, wakabeba chapati na sufuria, wakatoka kwa msafara kwenda hospitali. Sauti zao zilisikika hadi kwao ghorofa ya nne: "Shika hapo! Polepole! Ah, nusura!"

Josiah na Milcah walibaki na vikombe kumi na kimoja. Milcah akavikusanya. Cha mwisho kilipoingia kwenye beseni, akamgeukia mumewe.

"Amesema saa ngapi kesho?"

"Saa kumi. Na saa mbili za matatizo. Kumi na mbili."

Milcah akavuta kiti, hatimaye akaketi.

"Kesho," alisema, "usimwambie Clement."

"Hata leo si mimi niliyemwambia."

"Najua," alisema Milcah, akajisogezea kitambaa, akaanza kukausha vikombe.