Muhuri wa Kandambili

Masika yalipokata, mtaa mzima wa Mabawa ulinukia asumini mpaka mbuzi wakawa wanapiga chafya. Anayebisha amuulize Bi Mboni, naye atamwongezea kwamba beberu la jirani lilipiga chafya pembe ikachomoka. Ndivyo alivyo. Tangu astaafu kugonga mihuri Posta, mikono ilikosa kazi, basi kazi yote ikahamia mdomoni.

Mikono nayo ilipata ya kwake siku moja jikoni. Alikuwa anakata bamia. Kisu kikapita kati, akatupia jicho kipande kilichobaki: ua. Ua zima, lenye pembe tano, mbegu zimekaa ndani yake kama zimepangwa na fundi. Akakichovya kwenye manjano yaliyokuwa yanamsubiri samaki, akakikandamiza nyuma ya kalenda. Pa! Sauti ile aliijua. Mkono ukaruka wenyewe kama zamani, pa, pa, pa, bamia zikaishia zote kwenye kalenda, na mchana huo alikula wali na samaki mkavu akiwa ameridhika kama bi harusi.

Toka hapo nyumba ikageuka bustani ya karatasi. Kitunguu kilichokatwa kati kilitoa waridi. Muhogo mbichi ulikubali kuchongwa asumini. Nyekundu alikamua kwenye mbegu za mzingefuri, na ile zambarau ya viua vinavyoota miambani kando ya mto Sigi aliipata kwa bluu ya kufulia iliyotiwa maji ya rozela. Kadi zilianikwa dirishani kwa vibanio vya nguo. Mwenyewe alisema kadi ya kwanza ilitembelewa na nyuki, na nyuki yule alipogundua kadanganywa, alikwenda akarudi na ukoo wake kuja kulalamika.

"Na wewe ukawajibu nini?" aliuliza Bertha, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, mtoto wa kambi ya mkonge na mwimbaji wa kwaya ya Kilutheri.

"Nikawaambia waje na barua ya malalamiko. Iwe na stempu."

"Mungu anakuona, Bi Mboni."

"Ananiona, na anacheka."

Lakini kadi zote hizo zilikuwa mazoezi. Iliyokuwa moyoni ilikuwa moja, na ilikuwa ya Sabra.

Sabra alikuwa mdogo wake, tumbo moja, akikaa Pangani kwenye nyumba ya mama yao. Mama alipofariki aliacha mrashi wa fedha, wa shingo ndefu, ambao hapajapata kuwa na harusi ya ukoo bila ya wageni kunyunyiziwa marashi kwa mrashi huo. Ilipokwisha arobaini, mrashi haukuonekana. Sabra akasimama katikati ya wanawake, akasema, "Vitu havina miguu. Kila kilichotoka, kimetolewa." Akamtazama dada yake. Bi Mboni akajitanda buibui lake akatoka, na chai yake ikabaki inafuka mkekani. Hawajasemezana tangu siku ile. Huyu akipiga simu, yule hapokei, na yule mwenyewe hapigi.

Sasa Hafsa, binti wa Sabra, anaolewa. Bi Mboni hakuletewa mwaliko. Habari aliipata sokoni, kwa muuza nazi, kama mtu baki. Na Hafsa huyo alisoma sekondari yote akilala chumba cha uani kwa Bi Mboni, hapo hapo Mabawa, akisukwa nywele na mikono ile ile. Kwao ilikuwa desturi mama mkubwa ndiye anayembana bi harusi kikuba cha kwanza, kile kishada cha asumini na rihani kinachokaa kifuani. Kikuba cha Hafsa kubanwa na mkono mwingine! Kila alipofikiri hayo Bi Mboni alikuwa akiachia alichokishika, hata kikiwa chungu cha moto.

Ndipo alipoamua kumchongea Sabra kilua.

Kilua si ua la kiburi. Maua mengine hukutazama usoni. Kilua huning'inia, kichwa chini, kama mtu anayesikiliza, na harufu yake hukukuta kabla hujaliona. Mkilua wa mama yao ulisimama karibu na kisima. Akiwa amefumba macho, muhogo mkononi, Bi Mboni aliuona: maji ya mvua yanadondoka majanini, mama anafua, Sabra mdogo amesimama chini ya mti na mdomo wazi, akiamini kwamba harufu inamezeka. "Da Mboni, nimemeza mbili!" Wembe ukaenda wenyewe. Alipofumbua macho ua lilikuwa limekwisha, limeinama kwenye muhogo, na chumba kizima, anasema yeye, kilinukia Pangani.

Likabaki neno. Kadi isiyo na neno ni kama kanga isiyo na jina. Muhogo haufai kwa herufi, hukatika. Akachukua soli ya kandambili iliyokufa mwenziwe, akaifuta, akatafuta neno fupi maana wembe ulikuwa umeanza kuchoka. Akachonga kwa herufi kubwa: AMANI. Akakata, akapuliza, akajisifu. Miwani ilikuwa imevunjika mguu, aliikalia wiki iliyopita akidhani ni paka. Lakini neno la moyoni halihitaji miwani. Akachovya, akagonga. Pa! Kilua juu, neno chini, pambizo za bamia kuzunguka kama pindo la kanga. Akaitazama kwa mbali, akaona amani tupu.

Asubuhi akampa Luqmani, kijana anayeleta nazi kutoka Pangani kwa pikapu na kurudi mtupu.

"Mkononi kwake, Luqmani. Si kwa mtoto, si dirishani."

"Mkononi, bibi. Na akinifukuza?"

"Kimbia. Lakini kwanza mpe."

Kesho yake Bertha alileta mayai, naye Bi Mboni akaona ampe kadi ya shukrani. Akagonga waridi la kitunguu, na kwa kuwa kandambili ilikuwa karibu, akagonga na neno. Bertha akaipokea kwa mikono miwili. Akaisoma. Akasoma tena. Kisha, taratibu, akainama.

"Una nini wewe?"

"Si umesema niiname?"

"Nimesema saa ngapi?"

"Hapa. I, N, A, M, A. Ingawa hiyo N yako imegeuka kinyume, kama mtoto wangu wa chekechea ameiandika."

Bi Mboni akamnyang'anya kadi, akamnyang'anya na miwani yake ya usoni. Akasoma. Akaichukua kandambili, akaitazama. Kandambili ilisema AMANI, sawasawa, herufi zote zimesimama wima. Karatasi ilisema INAMA.

"Mwalimu," alisema polepole, "mbona kandambili inajua kuandika na karatasi haijui?"

"Muhuri huchongwa kinyume, dada yangu! Ndiyo utokee sawa! Umegonga mihuri maisha yako yote!"

"Nimegonga! Nani alikwambia nilikuwa nauangalia usoni? Uso wa muhuri ni wino mtupu, na mimi nilikuwa naangalia barua."

Bertha alicheka mpaka akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia, na nazi imo. Bi Mboni hakucheka. Siku zote yeye ndiye wa kwanza kujicheka, basi Bertha alipoona kicheko chake kiko peke yake akakikata.

"Ya Sabra nayo ni hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Yaani mtu aliyemwita mwizi mbele ya watu, baada ya kimya chote kile, ndiye aliyeandikiwa na Bi Mboni kwa nyekundu ya mzingefuri: inama. Nisujudie. Kama kulikuwa na uzi mmoja uliobaki kati yao, basi ameukata kwa wembe wake mwenyewe, na kwa ua la mama yao juu yake.

Akampigia Luqmani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ile kadi, mwanangu, niambie ulisahau kuitoa."

"Nimeshatoa, bibi! Mkononi kama ulivyosema."

"Akasemaje?"

"Alisoma. Akanitazama mimi. Akasoma tena. Akasema, 'Ee?'"

"Ee ya namna gani? Ee ya hasira, au ee ya kuuliza?"

"Bibi, ee ni ee. Kisha akaingia ndani akafunga mlango."

Simu ya Sabra iliita mpaka ikachoka. Bi Mboni akajitanda buibui, akatia kwenye mkoba muhogo wa kilua na kandambili, kama mtuhumiwa anayekwenda na ushahidi wake, akapanda gari ya Pangani. Njia nzima alitunga maneno. Kufika Kigombe alikuwa na uongo mzuri ajabu, kwamba kadi ilibadilishwa njiani na jini mwenye chuki na familia za watu. Mkonge ukapita mistari mistari, minazi ikapita, jua la baada ya mvua likaweka kila jani wazi kama limetoka kuchapwa sasa hivi. Alipouona mto Pangani, uongo wote ulikuwa umemwisha. Hilo, kwa wamjuao, ndilo la ajabu kuliko beberu na pembe yake.

Mkilua ulikuwepo bado, umechanua. Akasimama barazani.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi hapa!"

Kimya. Ya tatu ndiyo ya mwisho. Ukikosa jibu, unarudi ulikotoka, ndivyo walivyofundishwa. Akaitoa kwa sauti ndogo, hata yeye hakuisikia vizuri. Akageuka. Mguu umeshashuka ngazi ndipo ikaja sauti, ya mbali na iliyozibwa, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi:

"Karibu! Siwezi kutoka!"

Akaingia mpaka chumba cha mama. Kitanda kilikuwa pale pale, kile cha mninga chenye miguu mifupi. Kando yake rundo la vitu: kikapu kibovu, kawa, kiatu kimoja, vifuu vya nazi. Na chini ya kitanda zimechomoza nyayo mbili, na juu ya nyayo kanga, na ndani ya kanga Sabra, sehemu iliyo kubwa ikiwa imetazama mlango.

"Sabra?"

Nyayo zikatulia.

"Umekuja," uvungu ukasema. "Haya. Umesema niiname, nimeinama tangu jana. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nimekuelewa. Mrashi uliuweka upande gani? Ukutani au kichwani?"

Bi Mboni akashika nguzo ya kitanda. Kumbe Sabra hakusoma matusi. Alisoma kukiri. Na pale pale ulimi wake ukamletea njia rahisi, tamu kama halua: sema upande wa ukutani, kisha singizia panya. Kosa lingekuwa lake, angesamehewa, angebana kikuba.

"Sijauweka popote," alisema. "Sijauona tangu maziko. Nilichonga amani, mdogo wangu. Nilichonga vibaya, ikatoka inama."

Bi Mboni akasikia njiwa darini, akasikia maji ya mto yakigonga ukingo.

"Amani ndiyo hii?" sauti ikauliza. "Nimekula vumbi la tangu enzi ya babu kwa ajili ya N iliyogeuka?"

"Ndiyo."

"Na mrashi hujui uliko."

"Wallahi sijui."

Basi Bi Mboni, kwa kuwa kuzungumza na nyayo ni kazi ngumu, akakunja buibui, akashuka goti moja, goti la pili likalalamika kwa sauti, akalala kifudifudi, akaingia uvunguni ubavuni kwa mdogo wake. Ndani mlikuwa na giza la kahawia, na harufu ya vumbi na ya mbao, na nyuma ya hizo, ikija kwa dirisha, harufu ya kilua. Wakatazamana. Sabra alikuwa na utando wa buibui kidevuni.

"Umezeeka," alisema Sabra.

"Wewe una ndevu."

Kicheko kilianzia tumboni kwa Sabra, hakikuwa na pa kutokea, kikagonga chaga za kitanda. Akageuza uso ili apate hewa.

"Da Mboni. Tazama."

Kadi ilikuwa sakafuni, imeegemezwa mguu wa kitanda, Sabra aliiweka pale ili aisome huku anatafuta. Ng'ambo ya chumba lilisimama kabati la mama lenye kioo kirefu, kioo kilichofifia kwa chumvi, kiangavu pale chini tu. Na pale chini, palipoonekana na aliyelala sakafuni peke yake, kulikuwa na ua la kilua limening'inia, na nyuso mbili za vikongwe zenye vumbi, na katikati yao neno limegeuka likakaa sawa, N imesimama kama inavyotakiwa.

AMANI.

Mkono wa Sabra ukatambaa juu ya vumbi, ukaushika wa dada yake.

"Nilisema neno baya siku ile," alisema Sabra. "Mbele za watu. Basi na kikuba utambana Hafsa mbele za watu."

"Na mrashi?"

"Tutatia marashi kwenye chupa ya soda, tutoboe kizibo. Nani atajua? Wewe utawaambia imetoka Maka."

"Itakuwa imetoka Maka kwa miguu."

"Haya, toka nitoke."

Bi Mboni akajaribu. Mgongo ukakataa. "Toka wewe kwanza."

"Mimi nimekwama tangu Hafsa alipotoka, unadhani napenda huku?"

Hafsa aliporudi kutoka kwa fundi, gauni mkononi, aliona nyayo nne chini ya kitanda cha bibi yake, na kitanda chenyewe kinatikisika. Nyayo mbili alizijua kwa kuziona kila siku. Zile mbili nyingine alizijua kwa kuzipaka hina, zamani, Mabawa. Gauni likamponyoka.

"Mama mkubwa? Mnafanya nini huko?"

"Usiulize ukiwa umesimama," uvungu ukajibu kwa sauti mbili. "Inama, mwanangu. Inama usome."