Vijidudu Navyo Husikia Baridi

Kijiji kizima cha Mpepai kilijua Tadea kasomea maji machafu. "Watoto wa wenzetu wanasomea udaktari," alipenda kusema baba yake mdogo, Othmar, fundi wa mashine ya kumenya kahawa ya kikundi cha wakulima. "Wetu kasomea matapishi ya kahawa." Lakini kifua kilimjaa fahari.

Maana Tadea ndiye aliyewaokoa. Bwana maji wa wilaya alikuwa ameapa kuifunga mashine, kwa sababu maji yenye ute wa kahawa yalikuwa yakiozea mtoni, na watu wa bondeni wanayanywa. Tadea akabeba madumu ya maji hayo hadi chuoni Dar es Salaam, akayapitisha kwenye kokoto zenye vijidudu vinavyokula uchafu, akapima kila saa, akapata kanuni yake: muda wa saa sita, uchafu tisa kwa kumi umeliwa. Wanakikundi wakachimba bwawa la kokoto la kutosha kuyakalisha maji saa sita, hata dakika haikuzidi.

Julai kahawa ikaiva kwa fujo. Bwana maji akapiga simu: nakuja kesho. Tadea akachota maji yaliyokaa saa sita. Yalinuka yai viza. Akarudia hesabu, hesabu haikuwa na kosa.

Mama yake, Kunigunda, akatumbukiza mkono bwawani, akauchomoa upesi.

"Huko Dar uliyapimia kwenye baridi hii?"

"Chumbani, Mama. Nyuzi ishirini na nane."

"Pombe yangu Novemba inaiva siku mbili. Julai siku tano, tena nimeifunika blanketi. Wewe uliyekuwa ukienda shule umejitanda shuka mbili, leo baridi ya kwenu umeisahau?"

"Basi tuvishonee vijidudu masweta!" Othmar akaangua kicheko.

Tadea hakucheka. Alipima joto la bwawa, akaweka nyuzi zake kumi na nne kwenye kanuni. Ikamjibu: saa kumi na tano.

Asubuhi Othmar alimpenyezea chupa. "Haya yamelala bwawani tangu jana. Mpe haya. Si maji yetu?"

Bwana maji, Cuthbert, aliinua chupa kwenye mwanga, akainusa, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kalamu ikatoka.

"Yamekaa saa ngapi, dada?"

Bondeni, wanawake walikuwa wakichota maji ya kupikia.

"Kumi na tano," Tadea akasema. "Mashine ikifanya kazi, yanakaa sita. Nilikosea mimi."

Kufuli likafungwa. Kufikia Ijumaa, kahawa mbivu ya nyumba arobaini ilikuwa imeoza kwenye magunia, na ya Kunigunda imo.

Jumapili, nje ya kanisa, Tadea akapiga goti kidogo. "Shikamoo, Baba Mdogo."

Othmar, mcheshi wa kijiji, akavua kofia, akainama hadi kiuno mbele ya watu.

"Shikamoo, mtaalamu."

Hakuna aliyecheka.